Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vitabu na filamu za historia ya Afrika Mashariki

Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukikutana Alhamisi jioni, watu kumi hadi ishirini, kusoma kitabu kimoja au kutazama filamu moja ya historia. Wageni huja na maswali yale yale, na wenyeji nao huyarudia. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa barazani. Mwenye haraka aanze na swali la 4, maana mengi yaliyobaki yanaliegemea hilo.

## Kwa anayeanza

1. Tangu nimalize shule sijafungua kitabu cha historia. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kitu unachokipita kila siku. Mtu wa Dar es Salaam anakwenda Kariakoo kununua vitenge na vipuri, wala hajiulizi jina hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo.

Sasa nenda mpaka kwenye Sanamu ya Askari, pale katikati ya mji. Ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yamo kwa Kiswahili pia, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ukiinua macho, unamwona askari mmoja tu mwenye bunduki. Mpagazi hayupo. Nairobi waliweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hapo umeshapata swali lako la kwanza: watu hawa walikuwa wangapi, na walikufa kwa nini? Hesabu rasmi za Waingereza zinataja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi inakaribia 100,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, huku jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck likikimbizwa kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji na kurudi, mpaka alipoweka silaha chini Novemba 1918.

Ukikamata swali dogo kama hilo, kitabu cha kurasa 300 hakikutishi tena. Unakifungua ukiwa na jambo unalolitafuta.

2. Nitazame filamu kwanza au nisome kitabu kwanza?

Filamu kwanza, kama hujawahi kufika mahali penyewe. Filamu itakuonyesha ukuta wa mawe ya matumbawe unavyong'aa jua linapozama, jambo ambalo maelezo ya kurasa kumi hayatakupa. Lakini usiishie hapo. Piga hesabu: msimulizi akisema maneno 100 kwa dakika bila kunyamaza, saa nzima ni maneno 6,000. Kitabu cha kawaida kina maneno 70,000 au zaidi. Kinachoachwa na filamu mara nyingi ni sababu za mambo, na ni nani anabishana na nani.

3. Sina Kiingereza cha kutosha. Kuna cha kusoma kwa Kiswahili?

Kipo, tena kingine ni cha thamani kuliko vitabu vya Kiingereza vilivyokinukuu. Hili ndilo swali ninalofurahi zaidi kulijibu.

Kwanza, Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa hati za Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 1900, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950. Utamsikia mfanyabiashara anahesabu pembe za ndovu, anataja madeni, anapanga safari za Manyema na Kongo. Sikiliza pia anachokinyamazia. Watu waliotekwa na kuuzwa hawana sauti ndani ya kitabu kile, na ukimya huo ni habari.

Pili, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa Göttingen mwaka 1903 kilibeba jina la Carl Velten, ilhali sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro. Mle ndani kuna ndoa, jando, ngoma, utumwa, uganga, namna ya kumsalimu mkubwa. Mtoro alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa mke Mjerumani, na walipojaribu kurudi pwani mwaka 1905 wakubwa wa koloni wakamzuia kushuka Dar es Salaam. Alifia Berlin mwaka 1927. Anayesoma kitabu hicho bila kujua mkasa huo amekisoma nusu.

Tatu, *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi wa Ajjemy, kuhusu watawala wa Usambara. Nne, utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu Wajerumani walivyoitwaa Mrima, yaani pwani ya bara, katika vita vile ambavyo kiongozi wa upinzani, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Utenzi huo ni historia iliyotungwa na mtu wa zama zile zile, kwa vina na mizani. Usomwe kwa sauti. Sisi humpa mmoja asome na wengine tunafuatisha kwa vidole, kwa sababu maneno mengine ni ya Kimrima cha kale na masikio huyakamata upesi kuliko macho.

## Kukipima kitabu

4. Nitajuaje kama kitabu kinaaminika?

Kwa kila sentensi nzito uliza: huyu amejuaje? Ndiyo kanuni yetu ya barazani, na hatuna nyingine.

Nichukue mfano ninaoupenda. Vitabu vingi vinasema Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo kwa uzuri. Amejuaje mwandishi? Kwa sababu Ibn Battuta alisimulia mwenyewe. Alisimulia lini? Mwaka 1355 hivi, huko Fez, akimwambia katibu Ibn Juzayy, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya safari. Na alisema nini hasa? Alisema majengo ya Kilwa yalikuwa ya mbao, yameezekwa kwa nyasi. Lakini ukishuka kwenye dau pale kisiwani, mita mia chache kutoka ufukweni umesimama Msikiti Mkuu, wa mawe na chokaa, wenye kuba. Sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na upanuzi wa msikiti huo, na pia na jumba la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali. Basi ama mzee alisahau, ama alieleza nyumba za watu wa kawaida, ama mnakili alikosea.

Kitabu kizuri kitakuambia mgongano huo upo. Kitabu kibovu kitanukuu sifa tu na kuendelea mbele. Ndiyo maana mimi huanza kusoma vitabu kwa nyuma: natazama tanbihi, natazama faharasa, kisha nachagua jambo moja ninalolijua vizuri na kuona mwandishi amelishughulikia vipi. Akinidanganya kwenye mtaa wangu, sitamfuata ugenini.

5. Waswahili walitoka Shirazi ya Uajemi au ni Waafrika? Kila kitabu kina lake.

Jibu langu ni refu kwa sababu swali lina vyanzo vya aina tatu, na kila kimoja kinajua jambo lake.

Cha kwanza ni Tarikhi ya Kilwa. Inasimulia kuja kwa Ali bin al-Hasan na ndugu zake kutoka Shirazi katika majahazi, na kisiwa kununuliwa kwa nguo. Tunayo katika njia mbili: muhtasari uliomo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyotoka Unguja zama za Sayyid Barghash ikamfikia balozi John Kirk, nayo sasa iko London. Nakala hizi hazilingani kila mahali. Na iliandikwa karne nyingi baada ya matukio ya mwanzo inayoyaeleza, na watu wa ukoo wa kifalme waliokuwa na sababu ya kupenda nasaba yao.

Cha pili ni udongo. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960. Baadaye Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta chini ya misikiti ya mawe msikiti mdogo wa mbao wa karne ya 8, ndani ya kijiji chenye vyungu vya kienyeji. Yaani mji ulikua pole pole kutoka kwa watu waliokuwapo. Haukushuka mzima mzima kutoka jahazini.

Cha tatu ni vinasaba. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80 kutoka miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ulionyesha mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000: upande wa kina mama karibu wote Waafrika, na upande wa kina baba wengi wenye asili ya Uajemi. Watu wa Tarikhi wakashangilia, na watu wa udongo wakashangilia. Mimi naongeza tahadhari moja. Makaburi yaliyochimbwa mengi ni ya watu wenye uwezo, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi na mkulima wa mji ule ule huenda hawamo katika hesabu.

Kwa hiyo akija mtu na jibu la neno moja, muulize la 4.

6. Masimulizi ya wazee ni historia au ni hadithi tu?

Ni chanzo, kama barua au jiwe, na hupimwa kama vyanzo vingine. Bethwell Ogot aliandika historia ya Waluo wa kusini akitegemea masimulizi, wakati wasomi wengi wa Ulaya hawakuamini kwamba jambo hilo linawezekana. Kitabu kilitoka mwaka 1967. Isaria Kimambo akafanya hivyo kwa Upare, 1969. Na mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Bila kazi ile tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Ukitaka kumrekodi bibi au babu yako, usimwambie "nisimulie historia". Atakupa yale anayodhani unataka kuyasikia. Muulize alikuwa wapi, nani alikuwa jirani, walikula nini. Bibi yangu mzaa mama hakujua mwaka aliozaliwa, lakini alijua alikuwa amekwisha kuota meno ya mbele njaa fulani ilipoingia, na kwamba mwaka ule watu walichimba ndiga porini na kuziloweka siku kadhaa kuondoa sumu. Kwa njaa ile tuliupata mwaka. Simu iwekwe mezani mapema, izoeleke, na umwache anyamaze anapotaka kunyamaza.

7. Kitabu cha mkoloni nikisome au nikitupe?

Kisome, ukijua alikuwa anamwandikia nani. Mpelelezi wa Kizungu aliyetaka fedha za safari nyingine alikuwa na sababu ya kuifanya njia iwe ya hatari kuliko ilivyokuwa. Lakini huyo huyo ataorodhesha majina ya vijiji, bei ya shanga na mishahara ya wapagazi, na hayo hakuwa na sababu ya kuyapamba.

8. Kuna mkusanyo mmoja mkubwa wa historia ya Afrika nzima?

Upo wa UNESCO, juzuu nane za kwanza, kazi iliyoanza mwaka 1964. Ogot alihariri juzuu ya 5 na Ali Mazrui juzuu ya 8. Unapatikana bure mtandaoni. Ni mzito, haufai kusomwa mfululizo. Utumie kama kamusi.

## Filamu

9. Katika filamu ndefu kuhusu Afrika, nianze na ipi?

Mimi humwanzishia mgeni na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa: *The Africans: A Triple Heritage*, sehemu tisa, ya mwaka 1986. Hoja yake ni kwamba Afrika ya leo imesukwa kwa nyuzi tatu: asili yake, Uislamu na Magharibi. Ni filamu yenye msimamo, na hilo ndilo linaloipa uhai. Marekani ilizua ugomvi mkubwa. Mkuu wa mfuko wa umma uliokuwa umeichangia fedha, Lynne Cheney, alitaka jina la mfuko huo liondolewe kwenye orodha ya waliofadhili. Itazame kisha ujiulize ni sentensi zipi zilizowaudhi.

Kabla yake, mwaka 1984, Basil Davidson alitoa mfululizo wa sehemu nane. Ni mpole zaidi, na kwa falme za kale bado unafaa. Zeinab Badawi naye amezunguka nchi nyingi za Afrika kwa ajili ya BBC, akiegemea zile juzuu za swali la 8 na kuwahoji wasomi wa Kiafrika katika nchi zao. Baada ya sehemu mbili utaona tofauti inayoletwa na jambo hilo: anayeulizwa kuhusu mji wa kale wa Aksum ni Mwethiopia, aliyesimama Aksum.

10. Kwa nini watu wa pwani walikasirishwa na filamu ya Henry Louis Gates?

Mwaka 1999 Gates, msomi Mmarekani mweusi, alipita pwani yetu akiuliza watu waliojiita Washirazi au Waarabu kwa nini hawajiiti Waafrika. Maswali yake yalibeba uzito wa Marekani, ambako rangi na utumwa vimefungwa pamoja kwa namna yao. Mazrui alimjibu kwa ukali kwenye maandishi. Mimi naona Gates aliuliza jambo lililostahili kuulizwa, kwa sababu utumwa wa pwani ulikuwapo na mara nyingi tunaupitia kwa haraka. Alikosea kwa kufika na jibu mkononi. Mzee akiulizwa kabila lake mbele ya kamera na mgeni wa siku moja, atajibu kama anavyomjibu mgeni. Kuhusu asili, rudi kwenye swali la 5.

11. Picha za zamani zinazoonyeshwa kwenye filamu ni za kweli?

Nyingi ni za kweli, lakini si za jambo linalosimuliwa. Picha maarufu za watu waliofungwa minyororo shingoni huwekwa kwenye simulizi za misafara ya watumwa, kumbe nyingine ni za wafungwa wa serikali ya kikoloni, waliofungwa na askari wa serikali hiyo. Kubadilisha maelezo ya picha kunamsafisha mtu mmoja na kumpaka tope mwingine.

Kipimo rahisi: upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839. Picha yoyote ya Afrika inayodaiwa kuwa ya kabla ya hapo ni mchoro au ni uongo. Kipimo cha pili: tazama nguo, bunduki na nguzo za simu. Cha tatu: kama filamu haisemi popote picha imetoka wapi, ichukulie kama pambo.

12. Kuna video ya Zanzibar 1964 inazunguka kwenye simu, imepigwa kutoka angani. Niiamini?

Hilo huulizwa kila Januari. Video hiyo imetoka kwenye *Africa Addio*, filamu ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi ya mwaka 1966. Mauaji yalitokea Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964. Watu wengi walikufa, na familia zao zipo na zinakumbuka. Idadi inatofautiana sana kati ya chanzo na chanzo.

Hata hivyo filamu yenyewe si ya kubebwa kama ushahidi uliokamilika. Imehaririwa ili kuuambia ulimwengu kwamba Afrika bila Mzungu inateketea, na watengenezaji wake walituhumiwa huko kwao kuhusu mauaji waliyoyapiga picha Kongo, ingawa waliondolewa hatia. Maelezo ya msimulizi na muziki wake hayana uzito wa picha. Kama lazima uitazame, zima sauti. Na usiitume kwenye kundi la familia. Huenda yumo mtu anayemtafuta baba yake mle.

## Namba na majina

13. Majimaji waliua watu wangapi? Naona 75,000, naona 300,000.

Kwanza, vita vyenyewe haviwezi kubeba swali kwa sura hiyo. Wengi waliuawa na njaa, na njaa ililetwa na serikali ya Kijerumani.

Vilianza mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Agosti mwaka ule ule, lakini vita viliendelea hadi 1907, vikafika Ungoni. Jeshi la Gavana Götzen lilichoma vijiji, maghala na mashamba kwa makusudi. Ofisa mmoja wa Kijerumani aliandika waziwazi kwamba njaa tu ndiyo itakayowatiisha watu.

Hesabu ya 75,000 ilitoka upande wa serikali ya Ujerumani. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wenyewe, alikadiria 250,000 hadi 300,000, kwa sababu alihesabu pia waliokufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na Waafrika waliowatumikia wasiofika 400. Kwa hiyo unapoona namba, angalia mlango wake: imefungwa siku bunduki ziliponyamaza, au siku njaa ilipokwisha? Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha, pale walipozikwa Nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa mwaka 1906.

14. Na Mau Mau?

Kanuni ni ile ile. Mwanahistoria David Anderson alihesabu hukumu moja baada ya nyingine mahakamani, akapata watu 1,090 walionyongwa na serikali ya kikoloni. Hiyo ni namba ngumu, kwa sababu kila mtu ana faili. Caroline Elkins, kwa kulinganisha sensa, alisema watu 130,000 hadi 300,000 hawakuonekana. Mtaalamu wa idadi ya watu John Blacker akapitia sensa zile zile mwaka 2007, akapata vifo vya ziada kiasi cha 50,000, nusu yao watoto wasiofika miaka kumi. Watu husikia 50,000 wakadhani ubaya umepunguzwa. Soma tena hiyo nusu ya watoto.

Elkins alikosolewa kwa namba, lakini kuhusu mateso ya kambini nyaraka zilimuunga mkono. Mwaka 2011 ilithibitika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni huko Hanslope Park. Juni 2013 ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

15. Bagamoyo maana yake "bwaga moyo wako, umefika mwisho wa uhuru"?

Hivyo ndivyo wanavyoambiwa watalii, na filamu nyingi zimenakili. Lakini mji ule ulikuwa kituo cha mwisho cha wapagazi waliolipwa ujira, wengi Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka Tabora na ng'ambo yake. Nyimbo zao za njiani ziliutaja Bagamoyo kwa hamu: unafika, unatua mzigo, unapumzisha moyo. Watumwa nao walipita hapo, na mateso yao ni kweli. Jina lenyewe limewahi kuimbwa kwa furaha, na mpagazi aliyeliimba asinyang'anywe.

16. Ni kweli Zanzibar ilipigana vita vifupi kuliko vyote duniani?

Agosti 27, 1896, kiasi cha dakika 38 hadi 45. Manowari za Waingereza ziliipiga ikulu, Khalid bin Barghash akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Filamu nyingi huishia kwenye dakika. Ndani ya dakika hizo watu wa ikulu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

## Mengineyo

17. Mimi si msomi. Naweza kwenda kusoma nyaraka mwenyewe?

Unaweza. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko katikati ya Nairobi, Moi Avenue, na chini pana maonyesho ya mkusanyo wa Joseph Murumbi. Zanzibar ziko Kilimani, na Tanzania Bara ziko Dar es Salaam. Uliza kwanza masharti ya kibali na ada. Beba kalamu ya risasi, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na karatasi za zamani, na nenda na jina la wilaya na miaka unayoitaka. Ukisema "nataka historia ya ukoo wetu", mhudumu hatajua aanzie rafu gani.

18. Nimekuta kosa kwenye jambo nililolifundisha watu kwa miaka. Nifanyeje?

Waambie, kwa majina, ulipowaambia. Mimi kwa muda mrefu nilisema Kilwa ilikufa mwaka 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipoivamia. Nilisoma hivyo, nikarudia hivyo, hata nikiwa nimesimama kisiwani na wageni. Kisha kijana mmoja wa barazani akauliza: mbona jumba la Makutani lina kazi ya ujenzi ya karne ya 18? Nani alijenga kwenye mji uliokufa?

Nikarudi kusoma. Kilwa ilidhoofika, lakini ikainuka tena, na mwaka 1776 sultani wake alifunga mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa kuuzika mji mapema niliwazika na watu hao. Alhamisi iliyofuata niliwaomba radhi wenzangu, tukaupitia mkataba ule pamoja, na kwenye kitabu changu pembeni mwa 1505 pameandikwa kwa kalamu ya risasi: tazama 1776.